Gavana wa Chumba Namba Nne

Mchana nabeba vigingi vya mpima ardhi,
Nzuguni, Iyumbu, hadi kule Mahomanyika,
nashika fimbo yenye mistari myekundu na myeupe,
Bwana Chilewa akichungulia kifaa chake:
"Kushoto! Kushoto kidogo! Hapo, gonga!"
Nagonga. Vumbi linaniingia hadi kwenye salamu.

Usiku nina kisiwa.

Nimekizungushia maji pande zote, maji ya bure,
mimi ninayenunua dumu kwa shilingi mia tano
na kunawa miguu kwa yaliyosuuza vyombo.
Kompyuta ni ya ofisi iliyohamia Mtumba ikaacha vikuukuu;
feni inakoroma kama mashine ya kukamua alizeti,
ila kisiwa kinawaka, na hazina inasoma:
sarafu elfu kumi na mbili. Anza.

Nilianza vibaya. Nilijenga kwa macho, si kwa hesabu:
ikulu yenye nguzo, bustani, sanamu ya farasi,
barabara pana isiyo na hata mkokoteni.
Mwezi wa saba namba zikawa nyekundu.
Wakata miwa walitembea nusu siku kwenda shambani,
nusu siku kurudi vibandani,
miwa ikangoja, gati likangoja,
meli ikaja, ikapakia upepo, ikaondoka.
Nikapandisha kodi: wakahama.
Nikashusha mshahara: waliobaki
wakaketi katikati ya barabara yangu pana.

Dada yangu Nyemo hajui mchezo,
yeye huuza zabibu stendi ya Nanenane.
Akanyanyua kichwa kwenye mto.
"Unauza nini huko?"
"Miwa."
"Mibichi?"
"Mibichi."
"Ndiyo maana. Zabibu mbichi ikilala, umelala nayo njaa.
Ikikaushwa, inakungoja wewe.
Na huyo mpakiaji wako, analala wapi?"
Akageukia ukutani. Hakungoja jibu.

Nikamuuza farasi kwa nusu bei.
Mahali pake kisima, kando ya kisima nyumba kumi na sita,
kutoka mlangoni hadi kiwandani hatua arobaini:
nilizipima kwa kidole juu ya kioo, kazi haisahauliki.
Miwa ikawa sukari, sukari ikawa pombe kali mapipani,
pipa moja likaleta bei ya mashamba manne.
Meli ya tatu iliondoka imezama hadi shingoni.
Saa saba usiku, Nkuhungu nzima imelala,
mimi nikapiga makofi bila sauti.

Ndipo bandari ya pili ikataka njia.

Mstari ulinyooka vizuri, Chilewa angeupenda,
ila ulipita juu ya kibanda kimoja.
Nikakibonyeza. *Mkaaji: mjane. Umri: sitini na moja.
Chakula: kidogo. Maji: anayo. Malalamiko: hana.*
*Bomoa? Ndiyo. Hapana.*

Mama aliwahi kuusugua ukuta wetu kwa sabuni ya kipande,
alfajiri, kabla majirani hawajaamka,
na ile X ikazidi kung'aa.
Siku hizi kopo la rangi nyekundu nalibeba mimi.

Nikaikunja barabara.
Gharama: sarafu mia tatu na kumi kila mwaka wa kisiwa.
Nimeiandika kwenye daftari, sijifanyi sikuiona.
Faida imebaki, imenyong'onyea kidogo kiunoni.
Nikahifadhi, uniti za umeme zikiwa zimebaki tatu.

Asubuhi, Iyumbu. Upepo. Mbele yetu tembe
ya mtu anayekoka moto bila kututazama.
"Nyoosha!" anasema Chilewa.
Nashika fimbo. Nauliza:
"Mzee, mstari huu haukunjiki?"
Akacheka mpaka akakigonga kifaa, kikayumba,
ikabidi tuanze kupima upya.