Kaa Akiinua Gando

Maji yakitoka, kaa wa ukubwa wa mbaazi
huchungulia tundu lake, pale Yoshino unapoanza kuonja chumvi,
si mto tena, bado si bahari.
Ainua magando meupe, ashusha, ainua,
na tope zima lamwitikia.

Fumie, karani wa posta mstaafu,
huwahesabu ndani ya fremu ya mianzi,
tope hadi magotini.
Afikapo arobaini wanapunga wote, hesabu yapotea.
"Mnamwita nani nyie?"

Jumanne, ukumbi wa kata, waliuliza:
nani anataka daraja la pili?
Mikono ikajaa hewani.
Nani hataki?

Kwetu husemwa, kaa akiinua gando
mambo yamekatika.

Fumie akainua yake,
yote mawili,
kucha bado zina tope.