Safu ya Haya

Niliwapa elfu thelathini kila kundi,
wiki nne, na onyo moja:
msiniletee insha, nileteeni daftari.
Ukumbi wa Tunguu ukacheka.
Feni ilikuwa mbovu tangu Jumatatu,
nami ubaoni natokwa jasho la mtaji na faida
kama mtu aliyewahi kuviona vyote viwili.

Kundi la Vuai likatia pesa yote kwenye sabuni ya mwani,
lebo nzuri, kibandiko cha dhahabu;
sabuni ikalia machozi ndani ya karatasi.
Bikombo na wenzake wakauza achari ya mbirimbi
kwa mkopo, bwenini, hadi bumu litoke.
Bumu halikutoka.
Nikaandika pembeni, wino mwekundu: Mbona?

Raya Shaame alikaa karibu na mlango, akisinzia.
Wenziwe wawili walihama kundi wiki ya kwanza.
Nilimchukia kidogo, nakiri,
hadi siku ile ya Ramadhani nilipopita Fuoni
baada ya alasiri, nikamkuta
amechuchumaa mbele ya seredani,
makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
mkate wa kumimina unapata rangi
na iliki inaichokoza saumu yangu.
"Mkono una unga, Mwalimu," akasema,
akanipa kifundo.

Mteja wa kwanza: "Niandikie, mwanangu."
Wa pili: "Tutaonana Sikukuu, inshallah."
Wa tatu hakusema kitu. Alichukua, akaenda zake.
Naye akaandika.

Daftari lilifika mezani kwangu na madoa ya tui.
Mchele, nazi, hamira, makaa: hayo nilimfundisha.
Yaliyolipwa, yasiyolipwa: hayo pia.
Kisha safu isiyomo kwenye kitabu changu,
imepigwa mstari kwa rula, kichwa chake neno moja:
Haya.

Bi Mtumwa, vipande vitatu. Mwanawe kalazwa Mnazi Mmoja.
Ustadhi wa chuoni, kimoja kila siku. Ndiye aliyenifunza alifu.
Mke mwenza wa mama, vinne. Nikimdai, mama atasema nimemtuma yeye.
Yule asiyesema, viwili. Jina sijui. Kanzu imechanika begani.

Jumla: elfu kumi na nane na mia tano.
Hakuiweka kwenye hasara, hakuiweka kwenye mtaji.
Ameiacha hapo imekaa
kama mgeni ambaye hakuna anayemuuliza ataondoka lini.

Nilikuwa na duka Mkunazini, mwaka nilioolewa:
vitambaa vya dira, uzi, vifungo.
Lilifungwa. Kwa miaka kumi na minne
nimewaambia wanafunzi sababu ni kodi ya pango.
Si kweli.
Nilikuwa na safu ile ile, ila yangu ilikaa kifuani,
haina mstari, haina jumla,
nikawa napita uchochoro wa nyuma
nisikutane na wadeni wangu.
Mwenye kudai ndiye aliyejificha.

Fomu ya idara ina visanduku vitano:
ubunifu, soko, hesabu, uongozi, uwasilishaji.
Mtahini wa nje akagonga kalamu kwenye safu.
"Hii nini? Sadaka?"
"Hapana. Sadaka ningeshaisahau."
"Basi deni."
"Deni ningelidai."
Akamtazama. Raya akajifuta mikono kwenye baibui
ingawa haikuwa na unga.
"Ikifika elfu ishirini nafunga mkono.
Ndiyo maana naiandika. Nijue nabeba kiasi gani
kabla sijazama nayo."

Nilitaka sabini na moja, yeye hamsini na nane.
Tukavutana hadi adhana ya magharibi.

Usiku, mezani kwangu, nimefungua daftari jipya.
Nimepiga mstari. Nimeandika majina:
dira mbili, uzi wa kijani, dira nne za harusi.
Nimewakumbuka sita.
Wa saba simkumbuki jina,
namkumbuka kicheko chake tu,
na kalamu imesimama hapo.