Swali la Ramani

Mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye cheti,
kwa wino mweusi wa kuazima:
Vugutsa Ezron, kidato cha nne, 1964.
Safu ya alama niliiacha wazi.
Mwalimu mkuu alisema, piga mstari tu.

Alikuja kwa bodaboda kutoka Mbale,
medali tatu kifuani, koti la harusi ya mtu mwingine,
mfukoni mkebe wa hisabati, ule ule,
kutu imeula hadi tarakimu za kifuniko hazisomeki.

Tulikodi hema. Soda. Kwaya ya kidato cha pili.
Mgeni rasmi alichelewa, ndiyo ada yao,
akasema mengi juu ya damu na bendera
na karo hakuitaja.
Karo ndiyo iliyompeleka. Iliisha Julai;
Agosti waandikishaji wakaja uwanjani,
wakamkagua meno, wakampima kifua,
daftari hawakulifungua.

Basi akaitwa. Tukapiga makofi.
Akakishika cheti kwa ncha za vidole
kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake,
akakirudisha mezani.
"Mtihani sikuufanya," akasema. "Nipeni karatasi."

Watu wakacheka, kisha wakaona yeye hacheki.
Kadenyi wa kidato cha nne
akachomoa karatasi ya majaribio, jiografia,
akamsogezea pamoja na kalamu yake.
Swali la tatu:
Chora ramani ya kaskazini-mashariki. Onyesha vyanzo vya maji.

Wali ukapoa. Mgeni rasmi akatazama saa.
Mzee akachora bila kuinua kichwa,
Wajir, njia ya Mandera isiyo na mti,
kisima baada ya kisima, kila kimoja kwa jina lake,
majina ya watu wa huko, si yetu.
Hapa tulikunywa.
Hapa tulilinda.
Hapa (kalamu ikasimama) hapa tulifukia,
na akina mama walisimama na vibuyu, wakitutazama,
hawakulia hata mmoja.
Kando ya kile cha mwisho akaweka msalaba mdogo:
Lugadiru. Alikaa dawati la mbele yangu.

"Sahihisha, mwalimu."

Kalamu yangu nyekundu ina miaka kumi na tisa,
imekata makosa ya watoto wa milima hii yote.
Niliitazama ile karatasi mpaka ikalowa jasho.
Skeli hukuweka, nikamwambia,
maana ningesema nini? Wala dira.

"Hizo ni alama ngapi?"
Mbili, nikasema.

Akatikisa kichwa, akaridhika.
Akakichukua cheti, akakikunja mara nne,
akakitia kwenye mkebe,
akauliza kama wali umebaki.