Sentimita Arobaini

Novemba, malango ya mfereji hufungwa.
Mafundi huyakausha maji wang'oe mbao zilizooza,
na mashua zilizokuwa zikihama kila siku kumi na nne
(ndiyo sheria yetu: wiki mbili, kisha ujikokote)
hutafuta ukingo wa kulala.
Ukingo si wa Mungu. Ukingo una bei.

Mimi ndiye mwenye futi kamba.
Napita na daftari chini ya mwavuli,
toka daraja la sabini na nne hadi kiwanda cha chumvi kilichokufa,
nikipima vyuma vinavyoelea,
omo hadi tezi,
omo hadi tezi.
Paundi kumi na moja kwa mita, kwa mwezi,
miezi minne.
Kipande cha mita ni mita.
Hakuna marefu yasiyo na ncha, ni kweli,
lakini kwetu ncha nayo hulipiwa.

Penhale hataki kulipa.
Amebakiwa na maili sita kati ya malango mawili yaliyofungwa,
naye huenda na kurudi humo, huenda na kurudi,
injini ikikohoa, kofia imeloa,
akinipungia mkono kama mtu aendaye mbali.

Ines na Callum wamelipa nusu.
Nusu nyingine, wamesema, mtoto akishaota meno.
Nimeandika: *Februari.*

Kisha mashua ya kijani ya Thelma Ockleston.
Kumi na saba na sentimita arobaini.
"Pima tena," akasema.
Nikapima tena.
"Ni baridi. Chuma husinyaa kwenye baridi."
"Husinyaa, Bi Thelma. Si kwa kiasi hicho."
Hakucheka. Nilidhani angecheka.

Hizo arobaini tulizijua sote wawili.
Ni kibaraza cha chuma kule tezini,
alichochomelea Alwyn kiangazi cha mwisho,
mkono mmoja ukitetemeka, mwingine ukiushika ule unaotetemeka,
ili mbwa, ambaye miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kumkataa,
apate pa kukaa akiangalia bata.
Kazi mbaya, kwa kweli. Viungo vina mabonge kama uji.
Mwezi Machi tulimzika Alwyn.

Akahesabu kwa sauti, mkono mfukoni.
Kumi na saba: mia saba arobaini na nane.
Kumi na nane: mia saba tisini na mbili.
"Arobaini na nne," akasema. "Magunia matatu ya makaa."
"Karibu matatu," nikasema,
kana kwamba ukaribu ungemsaidia mtu.

"Mwanangu ana msumeno wa umeme.
Dakika kumi tu, na kinaondoka."

Nikasubiri, penseli juu ya karatasi inayolowa.
Ningeweza kuandika kumi na saba.
Mwaka juzi nilimwandikia mtu hivyo,
na ofisi ikamtuma kijana mwenye mashine ya mwanga mwekundu,
akapima mfereji mzima kwa asubuhi moja,
na yule mtu akalipa faini, nami nikalipa kwa njia nyingine.

Mbwa akatoka. Akajikagua kwanza, mguu baada ya mguu,
akavuka kizingiti, akaketi kibarazani,
akatazama maji ambayo siku hiyo hayakuwa na bata hata mmoja.

"Andika kumi na nane," akasema Thelma,
akaingia ndani kutafuta kadi yake ya benki.

Sasa ni Januari. Barafu imeshika mashua zote,
hata ya Penhale, katikati ya safari yake isiyoenda popote.
Natembea ukingoni kukagua kamba,
na bila kutumwa nimeanza kuhesabu moshi.
Kwa Ines na Callum dohani huamka alfajiri.
Kwa Thelma ni saa kumi jioni,
wakati mwingine saa kumi na moja.

Theluji ya kibarazani ina duara lililoyeyuka,
ukubwa wa mbwa.

Sijamwuliza kitu.
Kazi niliyoajiriwa ni urefu.