Kinga

Lori limeegeshwa kwenye geti la kiwanda, Vingunguti,
nyuma limeandikwa kwa rangi nyekundu:
AJALI HAINA KINGA.
Nikapita ubavuni mwake na mkoba wa madodoso.
Nimetumwa kuitafuta hiyo kinga isiyokuwapo,
kwa posho ya elfu ishirini, nauli juu yangu.

Swali la kwanza ni jina. Akasema Kizito Ndimbo.
La tatu limeandikwa "kiwango cha jeraha",
ila kabla sijalimaliza aliweka mkono mezani
nikahesabu mwenyewe vilivyobaki: vitatu.
Saa ngapi? Saa nne na dakika arobaini, usiku.
Zamu ya ngapi? Ya pili, siku hiyohiyo.
Mashine ilikuwa na kikinga mkono?

Akacheka kidogo, akanipeleka chumba cha chai.
Juu ya kabati: bamba la chuma lenye wavu,
boliti zake nne kwenye mfuko wa nailoni,
na juu ya bamba, kopo la sukari.
Kilikuwa kinachelewesha kazi, alisema.
Mabati mia na ishirini kwa saa. Kikiwapo, tisini.

Swali la kumi na tisa: kwa maoni yako, sababu ni nini?
Wengi hujibu bahati. Wengine, Mungu.
Mmoja alisema mke wa kwanza.
Naandika walivyosema, ndiyo kazi,
ila pembeni, kwa penseli, naongeza:
zamu mbili; saa nne usiku; kabati.

Daktari Nakijwa hana makuu.
Huvua viatu, hutandaza karatasi sakafuni,
akakaa katikati yake kama anayechagua mchele.
"Bahati gani hii," huuliza,
"inayojua ratiba ya zamu?"

Buguruni, mbele ya shule, tulihesabu miezi sita
kabla ya tuta, na miezi sita baada.
Kabla: watoto kumi na mmoja.
Kiatu kimoja kilibaki ukingoni mwa mfereji
mpaka jua likakipausha.
Baada:
nilikaa kwenye kiti cha plastiki na dodoso tupu.
Asiyegongwa hana faili.
Hakuna wodi ya waliopona kabla ya kuumia.
Amefika kwao, amegombea ukoko na dada yake,
amelala bila kunawa miguu,
wala hajui kuwa leo hakugongwa.

Nilimsimamisha mmoja, ana mua mkononi.
Akanitazama: "Kwani nimefanya nini?"
Hujafanya kitu, nikamwambia.
Hujafanywa kitu. Nenda.

Madereva hulitukana lile tuta kila alfajiri.
Mimi nimekulia Kisarawe, kwetu tuta ni la mihogo,
unalipanda, unangoja.
Hili la lami nalo limeota, nimeliona likiota:
soksi nyeupe, mifuko mgongoni, kelele.

Sasa neno lenyewe.
Mama yangu, wingu likitanda, hutoa ndoo
akaikinga chini ya paa kabla tone halijadondoka.
Hangoji kuloa ndipo aitafute.
Na jikoni mwake kinga ni kipande cha ukuni chenye moto;
kimoja hufuka tu, macho yakatoka machozi.
Viwili vikikutana, chungu kinachemka.
Aliyeandika kwenye lori lile
hakuwahi kutumwa kuni.

Juzi nimerudi Vingunguti na dodoso la pili.
Meneja alinuna, tisini ni tisini.
Kizito alikuwa amepiga goti chini ya mashine
na spana, kwa vidole vyake vinane,
anakaza boliti ya nne.
Hakutaka asaidiwe. Nikangoja chumba cha chai.
Sukari wameihamishia dirishani, imeingia sisimizi,
na juu ya kabati umebaki mstatili
usio na vumbi.