Mstari wa Kuzaliwa

Kutaisi, Februari. Theluji imegandia madirisha ya maabara
na Nanuli anapasua gego la mtoto asiye na jina.
Dogo, kama punje ya mahindi iliyosahauliwa mfukoni,
limetoka pangoni, chini ya majivu ya moto
uliozimika kabla ya mtu kujua kuhesabu miaka.

Chini ya hadubini gego hufunguka kama gogo:
kila siku na uzi wake, uzi juu ya uzi,
na mmoja umekoza kuliko wote,
siku ile ya kutoka tumboni.
Hata meno hayasahau kwamba kuzaliwa ni kishindo.

Anahesabu kwa ncha ya penseli.
Siku mia mbili, maziwa matupu.
Ya mia mbili na kumi na tatu, chembe zinageuka:
kitu kingine kimeingia kinywani.
Kiazi? Nyama iliyotafunwa?
Na aliyetafuna ni nani?

Sokwe jike hamwachii mtu mwanawe,
miezi na miezi amemng'ang'ania kifuani.
Sisi tulipokezana.
Mama akainama kuchimba mizizi, mtoto akabaki
kwa dada, kwa shangazi, kwa bibi aliyekwisha kuzaa,
akajifunza kazi ngumu kuliko kuchonga jiwe:
kusoma uso usio wa mama
na kuuliza kwa macho, Wewe, utanibeba?
Labda utu ulianzia hapo,
kwenye mkono wa kuazima.

Nanuli anaiandika sentensi hiyo. Anaifuta.

Siku ya mia mbili na sabini: uzi mweusi.
Njaa, au homa, au mtu aliyeondoka.
Hadubini haisemi.

Lasha alikuwa na miezi tisa
mama yake alipopanda basi la Ankara kufuata shahada,
maziwa yakimlowesha blauzi hadi mpakani Sarpi.
Kwao "mama" ni baba, na mama ni "deda".
Aliporudi, miaka miwili baadaye,
mtoto alimwita bibi yake deda.
Yeye hakumwita chochote.
Alichungulia tu, nyuma ya aproni ya Tsiala.

Simu inatetemeka mezani. Ni Tsiala huyo huyo:
"Gego lake la mwisho limetoka! Nimemkataza asilirushe paani.
Anasema ulichukue, ulipasue, umwone alivyokuwa."

Nanuli anarudi kwenye lenzi.
Baada ya uzi mweusi, nyuzi zinaendelea,
sawia, kama za msusi ambaye hakuinua kichwa.
Anageuza kipande cha pili, anatafuta mzizi.
Hakuna. Umeliwa na mwili wenyewe, taratibu.
Basi gego halikung'olewa na kifo:
mtoto alifika miaka kumi, kumi na mmoja,
akalitema, akarudi mchezoni.
Kuna mtu alishika zamu.

Jioni, jikoni kwa Tsiala, harufu ya mkate na jozi.
Jino limo kwenye kiberiti; Lasha analitikisa sikioni.
"Utalikata lini?"
"Mistari yake naijua," anasema Nanuli,
akimtazama mkwewe anayegeuza mkate bila neno.
"Na panya wa paani je?" anauliza Lasha,
ambaye haamini tena panya. "Hajalipwa."

Wanatoka watatu, theluji hadi vifundoni.
Nanuli hajui kurusha.
Jino linagonga bati, linateleza,
linarudi miguuni mwa Tsiala.