Duara la Bi Raya

Simu ilisema: "Sleyum, njoo, duara langu limekuwa yai."
Nikajua ni Bi Raya wa Wadi Kabir, mshona kofia,
mwenye monita nene kama gunia la mchele.
Wanawe walimletea nyembamba, akaikataa:
"Ile haina mgongo, nitaiamini vipi?"

Agosti. Ngazi za ghorofa tatu, mkoba begani,
jasho limenitangulia kubisha hodi.

Kazi yake ni hii: duara la kofia limo kwenye kompyuta,
yeye hubandika karatasi ya mafuta juu ya kioo
(kioo kinatatarika, malaika ya mkono yanasimama)
akalifuata kwa penseli, kitobo kwa kitobo.
Sasa duara limevimba mbavu,
na pembe ya juu kulia imeota doa la zambarau
kama jicho lililokula ngumi.

Nikabonyeza kitufe cha kufuta usumaku.
Ngung! Picha ikatikisika kama uji bakulini,
rangi zikatawanyika, zikarudi makwao.
Bi Raya akasema alhamdulillahi.
Dakika mbili, doa hilo.

Nikasogeza spika. Bado.
Nikazima kiyoyozi, tukaiva sote wawili. Bado.
Nikaigeuza monita ielekee magharibi,
akauliza kama nayo inatafuta kibla.
Bado.

Ndipo nikainua macho:
juu ya monita, bati la biskuti.
Ndani pini, subana, mabonge ya uzi,
na sumaku nzito ya marehemu mumewe, fundi redio,
ya kuokotea sindano.
"Imekaa hapa tangu lini?"
"Tangu Ramadhani. Zulia jipya linameza sindano."
Nikaipeleka jikoni. Nikabonyeza tena. Ngung.
Zambarau ikaondoka bila kuaga.

Lakini yai lilibaki yai. Hilo si la sumaku,
ni utu uzima wa vyuma.
Nikafungua mgongo. "Kaa mbele, Bi Raya, huku usiguse,
hili dude hata likizimwa huweka kinyongo."
Nikapenyeza bisibisi ya plastiki.
Yeye kaishika kofia ya marehemu kwenye kioo,
mimi nyuma sioni kitu, nazungusha kwa sauti yake:
"Bado. Bado. Umepita. Rudi. Rudi kidogo... hapo!"

Nikaja mbele. Duara limekaa ndani ya kofia.
Pembe ya chini bado ina kikombo;
akasema iache, hapo hashoni kitu.

Kisha akainama, kama anayeuliza deni:
"Na pale ilipokuwa mwanzo, unaweza kuparudia?"
Kofia za yai alishona kumi na moja.
Kumi zimerudishwa.
Ya kumi na moja ni ya Nasri wa Hamriya,
aliyekuja juzi kuagiza mbili zaidi, anasema
tangu azaliwe hajapata kofia iliyomkaa.

Nikachukua penseli yake, nikarudi nyuma ya monita,
nikatia alama mbili kando ya skrubu:
moja ya watu,
moja ya Nasri.